Chanda Chema na Pete Zetu

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuhudhuria ile siku ambayo shule zetu huiita siku ya kugawa zawadi, na ambayo katika vyuo vyetu vya Qur'ani huangukia siku ya maulidi ya madrasa. Turubai hufungwa, viti hukodiwa, mgeni wa heshima huchelewa, na watoto huketi mkekani tangu saa mbili ya asubuhi wakiwa na kofia zao mpya. Hatimaye husimama mwalimu na karatasi yake akasoma: darasa la kwanza, wa kwanza ni fulani bin fulani, wa pili fulani, wa tatu fulani. Hao watatu huinuka, hupewa madaftari na ndoo ya plastiki, hupigwa picha, na wazazi wao hufuta machozi.

Piga hesabu pamoja nami. Darasa lile lina watoto 90, kama yalivyo madarasa mengi ya shule za msingi tangu ada ilipoondolewa. Watatu wamepata zawadi. Themanini na saba wamepiga makofi. Mwaka ujao, ukija tena kuketi katika kiti kilekile, utawaona watatu walewale wakiinuka, au wawili kati yao na mmoja mpya, na waliobaki watapiga makofi tena. Mtoto akianza darasa la kwanza mpaka akamaliza la saba amekwisha kupiga makofi ya miaka saba. Je, tumemfundisha nini huyu? Tumemfundisha kwamba wema una wenyewe, na kwamba yeye si katika wao.

Tafadhali usinifahamu vibaya. Siandiki haya kwa kuwa nachukia zawadi, wala kwa kuwa nataka tuirudie bakora. Nataka kusema kwamba zawadi ni jambo la haki katika dini yetu na katika malezi, ila sisi tumeiweka pahala pasipokuwa pake, kisha tukashangaa kwa nini watoto wetu hawabadiliki tabia.

Wahenga wetu wametuachia methali mbili juu ya jambo hili, na kila moja yavuta kamba upande wake. Moja yasema, chanda chema huvikwa pete. Ya pili yasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. (Na msomaji asinilaumu kwa kutaja tembo katika kurasa hizi, methali ni ya wahenga, na tembo ni la mgema mwenyewe.) Walimu nao wamegawanyika kwa methali hizi. Wa kwanza humwaga sifa na zawadi kwa wale aliowaona tangu mwanzo kuwa ni vyanda vyema, na vidole vingine akavisahau. Wa pili huogopa kusifu kabisa. Mtoto akifanya vizuri humwambia kwamba hilo ndilo alilopasika kufanya, na akifanya vibaya ndipo anapokumbuka kwamba ana ulimi, au ana mkono.

Mimi nilikuwa wa kwanza na wa pili kwa wakati mmoja, na hilo nitalieleza.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Alikuwapo kijana mdogo, umri wake kama miaka tisa, ambaye kuhifadhi kulikuwa kuzito kwake. Wenzake walikuwa wameshavuka Juzuu Amma, naye alikwama katika Suratul Bayyina mwaka mzima. Lakini kila siku alikuwa wa kwanza kufika. Alifagia ukumbi, akajaza birika la kutawadhia, akapanga ndara za wenzake mlangoni, na jioni akawashika mikono wale wadogo akawavusha barabara. Hakuna aliyemwamrisha. Wala mimi sikuwahi kumwambia neno, kwa kuwa nilikuwa nikiona kwamba kazi yangu ni kusikiliza Bayyina yake, na Bayyina yake ilikuwa mbovu. Ilipofika maulidi nikasimama nikasoma majina. Jina lake halikuwamo, na lingewezaje kuwamo? Wiki ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Nikaenda kwao, mama yake akatoka akaniambia kwa haya nyingi, "Maalim, mwenyewe anasema kule kuna wenyewe." Nikarudi chuoni. Tangu siku hiyo birika nikawa nalijaza mimi.

Sasa tuizungumze bakora kidogo, kwani haiwezekani kuzungumza juu ya sifa bila ya kuizungumza ndugu yake. Kila ninapowaambia walimu wenzangu maneno haya, wengi hunijibu kwa ile hadithi maarufu aliyoipokea Abu Daud, ya kuamrishwa watoto kusali wanapofika miaka saba na kupigwa kwa ajili ya Sala wanapofika kumi. Hadithi ni hii, hatuikatai. Lakini tazama inavyosomwa! Husomwa nusu yake ya mwisho tu. Kati ya miaka saba na kumi mna miaka mitatu. Miaka mitatu ya hijria ni zaidi ya siku 1,060. Na kila siku ina Sala tano. Kwa hiyo mzazi huyu ametakiwa kuamrisha, kufundisha, kuongoza na kusubiri zaidi ya mara 5,300 kabla ya kuinua mkono mara moja. Yuko wapi mwalimu wa hesabu aliyemweleza mtoto jambo moja mara 5,300? Tena hadithi inahusu Sala, ambayo ni nguzo ya dini, haihusu kuchelewa kwa dakika kumi wala kujumlisha kwa makosa. Na mafakihi waliporuhusu pigo hilo waliliwekea mipaka: liwe jepesi, lisiguse uso, lisiwe la hasira, na wapo wanavyuoni wa Qayrawan, tangu zama za Ibn Sahnun aliyefariki mwaka 870, waliosema mwalimu asizidishe matatu.

Serikali zetu nazo zimeweka mipaka yao. Kenya iliiondoa fimbo mashuleni mwaka 2001. Tanzania Bara ina kanuni za mwaka 1979, zilizobadilishwa mwaka 2002, ambazo zinaagiza viboko visizidi vinne, vipigwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwenye watoto shuleni anajua ni mara ngapi kitabu hicho hufunguliwa. Mwaka 2018 huko Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Sitaki kuliongeza neno jambo hilo.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ana mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, na hoja yake inastahili kuzingatiwa na kila anayeshika chaki. Hasemi tu kwamba kupiga kunaumiza. Anasema kwamba mtoto anayelelewa kwa kukandamizwa hujifunza somo jingine kabisa: hujifunza uongo. Huonyesha nje yale yasiyokuwamo ndani, kwa kuogopa mkono. Kisha hila hiyo ikawa ndiyo tabia yake hata mkono ukishaondoka. Yaani bakora inasomesha, lakini inasomesha unafiki.

Haya, tuseme tumeiweka bakora chini. Je, badala yake tumeshika nini? Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu naona tumeiacha bakora mkononi tukaihamishia ulimini na katika karatasi ya majina.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya, kwenye kitabu cha kuizoeza nafsi, jinsi ya kumlea mtoto. Anasema mtoto akidhihirisha tabia nzuri au tendo jema, akirimiwe kwalo, alipwe kwa kitu kinachomfurahisha, na asifiwe mbele za watu. Akikosea mara moja, mlezi ajifanye hakuona, wala asiipasue sitara yake, khasa ikiwa mtoto mwenyewe anajitahidi kulificha kosa lake. Akirudia, akemewe kwa siri. Na maneno ya lawama yasiwe mengi, kwani sikio likishayazoea, moyo hauyasikii tena.

Zingatia mpango huu, msomaji: sifa hadharani, lawama faraghani. Kisha nenda shule yoyote asubuhi ukasimame mstarini. Waliochelewa wamepigishwa magoti mbele ya shule nzima. Aliyekuja na shati chafu ameitwa mbele ili wenzake wamwone. Asiyelipa mchango wa chakula ametajwa jina, ingawa si yeye mwenye mfuko. Lawama yote iko hadharani. Na sifa iko wapi? Iko katika ripoti ya mwisho wa muhula, ndani ya bahasha iliyofungwa, mstari mmoja. Tumeupindua mpango wa Imam kichwa chini miguu juu, na bado twauliza kwa nini watoto wana uso mkavu. Mtoto uliyemvua sitara yake kila asubuhi atakuonea haya kwa lipi?

Na katika kitabu hichohicho Imam Ghazali ameeleza jambo ambalo mimi nililisoma ujanani na sikulifahamu mpaka nywele zilipoanza kugeuka. Anasema mtoto mwanzoni huvutwa kwenda chuoni kwa mchezo, kama vile mpira. Kisha hutolewa katika mchezo akavutwa kwa mapambo na nguo nzuri. Kisha akavutwa kwa kupenda cheo na kutangulia wenzake. Kisha hutolewa katika kupenda cheo akavutwa kwa kuitaka Akhera. Hii ni ngazi, na kila daraja imewekwa ili ipandwe na iachwe. Sasa itazame siku yetu ya zawadi kwa jicho la ngazi hii. Sisi tumeziruka daraja mbili za kwanza. Mtoto wa miaka sita, ambaye daraja yake ni mpira na kashata, twamtia moja kwa moja katika kushindania cheo. Tukishamfikisha hapo twamwacha palepale mpaka chuo kikuu. Wala hatumshushi, wala hatumpandishi.

Jambo hili lina ushahidi mkubwa zaidi kuliko maneno ya wanavyuoni, nao ni mwenendo wa Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Kisa cha Abu Mahdhura (r.a.) kimepokewa na Nasai na Ibn Majah na wengineo, na mimi natamani kila mwalimu akihifadhi. Ulikuwa mwaka wa nane wa Hijra, Mtume akirejea kutoka Hunayn. Mwadhini wake akaadhini njiani, na kundi la vijana wa Makka ambao walikuwa bado hawajaupenda Uislamu wakaanza kuiigiza ile adhana kwa kejeli. Mtume akaagiza waletwe. Akauliza ni nani kati yao ambaye sauti yake ilisikika juu. Wote wakamwonyesha kidole Abu Mahdhura. Wengine wakaachiliwa, yeye akabakishwa.

Simama hapa kidogo ujiulize: lau ungalikuwa ni wewe, na mtoto ameifanyia mzaha adhana mbele yako, ungalifanya nini? Mimi najua ambalo ningalilifanya miaka 30 iliyopita.

Mtume (s.a.w.) akamfundisha adhana neno kwa neno. Alipomaliza akampa kifuko chenye fedha, akampangusa kwa mkono wake utosini na kifuani, akamwombea baraka. Yule kijana amesimulia mwenyewe kwamba chuki yote aliyokuwa nayo iligeuka mapenzi. Akaomba awe mwadhini wa Makka, akapewa, na kazi hiyo ikabaki mikononi mwake na baadaye kwa kizazi chake.

Mtume hakuisifu kejeli. Alichokifanya ni kuichambua kejeli ile akakuta ndani yake sauti nzuri, na ile sauti ndiyo aliyoivika pete. Kumbuka kwamba kwa hesabu ya mstarini kijana huyu alikuwa wa mwisho. Zawadi haikumngoja awe wa kwanza. Zawadi ndiyo iliyompeleka mbele.

Cha pili ni cha Abdullah bin Umar (r.a.), nacho kimo katika Bukhari. Aliota ndoto ya kutisha, dada yake Hafsa akamhadithia Mtume, na Mtume akasema juu yake kwamba ni mtu mwema mno, lau angalikuwa akisali usiku. Maneno yenyewe ni machache kuliko hotuba ya mwalimu yeyote wa zamu. Yamo ndani yake sifa na mlango ulioachwa wazi, na imepokewa kwamba baada ya hapo Abdullah hakuwa akilala usiku ila kidogo.

Najua kuna msomaji ambaye amekwisha kuniwekea hoja, tena hoja ya haki. Atasema: je, Mtume hakumkemea mtu aliyemsifu mwenziwe usoni, akamwambia kuwa amemkata shingo? Na je, hatuwalei watoto wetu wafanye wema kwa ajili ya halua? Kesho na keshokutwa mtoto ataambiwa asali, naye atauliza, "Utanipa nini?"

Hoja hii siipuuzi, maana nimewaona watoto wa namna hiyo, na aghalabu wazazi wao ndio waliowafanya hivyo. Lakini rudi kwa yule mgema wetu. Alisifiwa nini? Alisifiwa yeye, kwamba ni bingwa, hana mfano. Mtu akishaambiwa kwamba yeye ni bingwa, ya nini kujitaabisha kupanda mnazi alfajiri? Lau angaliambiwa, "Hili la jana ulilisafisha vizuri," angalijua ni lipi la kulirudia leo. Sifa inayokata shingo ni ile inayomkalia mtu mwenyewe: wewe una akili, wewe ni bora, wewe ni tofauti na wenzako. Sifa inayolea hulikalia tendo: leo umemwazima mwenzako kalamu, nimekuona. Mtoto wa kwanza amepewa cheo, na mwenye cheo huogopa kukipoteza. Huyu ndiye atakayeibia mtihani. Mtoto wa pili amepewa habari.

Na juu ya halua, dawa yake imo katika ngazi ya Imam Ghazali: ianze na iachwe. Mtoto mdogo mpe kashata akimaliza sura. Akizoea, mpe neno. Akikua, mwache siku nyingine bila ya neno, aonje ladha ya tendo lenyewe. Masahaba, kama alivyosimulia Rubayyi binti Muawwidh (r.a.), walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, mtoto akilia kwa njaa humpa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu. Hawakusema kwamba mchezo utaiharibu nia yake. Walijua kuwa huyu ni mtoto.

Yako mambo mawili ambayo walimu huyaona madogo. Moja ni ahadi. Mwalimu huwaambia watoto kwamba atakayenyamaza atapewa peremende, darasa likanyamaza, na peremende haikuonekana. Amepokea Abu Daud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu, na Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingalimpa kitu ingaliandikwa kwake kuwa ni uongo. La pili ni uadilifu. Numan bin Bashir (r.a.) alipopewa kipawa na baba yake peke yake bila ya ndugu zake, Mtume alikataa kukishuhudia, akaamrisha watoto wafanyiwe uadilifu. Mwalimu mwenye watoto 90 asidhani kwamba hukumu hii inamhusu mwenye watoto wanne tu.

Ataniambia huyo mwalimu, na huenda ni kwa haki, kwamba katika wingi huo hana nafasi ya kumsifu kila mmoja. Lakini mbona nafasi ya kumkaripia kila mmoja ameipata? Akichagua watoto watano kwa siku awatazame kwa makusudi, darasa zima litakwisha kwa siku 18 za masomo. Alama ya vema haina gharama, wala neno "nimekuona". Hata yale makofi matatu ambayo walimu wa siku hizi huamuru mtoto apigiwe kila anapojibu swali, mimi nayapenda, ingawa yakipigwa kwa kila jibu huwa kama mvua juu ya bati. Hakuna anayesikiliza tone.

Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha ile desturi ya kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Nililipokea jambo hilo kwa furaha. Lakini pita barabarani utazame mabango ya shule: nyuso za watoto bado ziko juu pamoja na alama zao, wengine wa darasa la nne. Baraza limeiweka karatasi chini, sisi tumeiokota.

Nami sijitoi. Kamati ya madrasa yetu imeniletea, kama kila mwaka kabla ya maulidi, ile karatasi yenye mistari mitatu kwa kila darasa: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Safari hii nimeirudisha, na badala yake nimempa kila mwalimu orodha ya watoto wake wote, nikamtaka aandike mbele ya kila jina tendo moja jema alilomwona mtoto huyo akilifanya mwaka huu kwa macho yake. Si lazima liwe la kuhifadhi. Kufagia kunatosha. Walimu wawili wamekwisha kuniletea. Mmoja wao ameacha majina kumi na moja bila ya kitu. Nilipomwuliza, alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba hao hawajui, hajawatazama. Ameniomba wiki mbili, nami nimempa.